Ati "Hiyo ni Anime"? Keti Nikupe Historia

Wasee, leo sina reviu ya episodi mpya. Leo nina hasira kidogo, na hasira yenyewe imeanzia kwa bedsita moja hapa Njokerio, karibu na Egerton, Jumamosi moja ya mvua.

Sisi ni watu watano. Kila baada ya wiki mbili tunakutana kucheza Dungeons & Dragons. Kwa yule hajawahi kuona: hakuna skrini, hakuna pedi. Mnaketi mezani. Mmoja wenu anakuwa DM, yaani ndiye anayesimulia dunia na kuwachezesha maadui, na nyinyi wengine kila mtu ana mhusika wake. Unasema mhusika wako anafanya nini, halafu dadu inaamua kama umefaulu. Ni kama hadithi za jioni, tofauti ni kwamba hapa msikilizaji ana haki ya kusema, "Ngoja, mimi nafunga mlango kabla fisi aingie," na msimulizi lazima akubali.

Siku hiyo DM wetu alikuwa amesafiri. Akaja mgeni, jamaa ametuzidi miaka kadhaa, mtu amecheza kitambo na ana dadu zake za rangi ndani ya kimfuko. Tulifurahi sana. Binamu yangu, ambaye yuko Form Three na alikuwa anacheza mara ya tatu tu, akamsomea mhusika wake mpya kutoka kwa kitabu cha mazoezi. Mpiganaji mwenye mwili wa jiwe. Mkuki ukigonga ngozi yake unavunjika. Lakini uhai wake hauko mwilini, uko kwa kivuli chake. Ukichoma kivuli, umemmaliza.

Jamaa akacheka. "Kijana, hiyo ni anime. Hapa tunacheza fantasia ya kweli."

Binamu yangu akasema polepole, "Lakini hii si anime, bro." Halafu akanyamaza. Akachukua raba, akafuta ukurasa mzima, akaandika: mpiganaji, upanga, ngao. Akacheza mpaka mwisho bila kusema maneno kumi.

Kama ulisoma shule ya msingi Kenya, ushajua kwa nini niliungua moyo. Huyo mtu wa jiwe hakutoka Japani. Huyo ni Lwanda Magere, shujaa wa Waluo wa Kano, aliyeshindwa baada ya mke wake kugundua siri ya kivuli na kuipeleka kwa maadui. Binamu yangu alisimuliwa na dani yake, mamake mama, kabla hata hajajua kuwasha TV.

Na mimi je? Mimi nilinyamaza. Nilikuwa mwenye nyumba, yeye alikuwa mgeni, nikaona aibu kumkosoa mbele ya watu. Kwa hivyo hii ndiyo hotuba nilifaa kutoa siku hiyo. Imechelewa, lakini imekuja na tarehe.

Chungu cha 1974

Tuanze na hiyo "fantasia ya kweli". D&D ilitoka 1974 Marekani, mji mdogo unaoitwa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Waliotunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu: kisanduku kimoja na vijitabu vitatu ndani. Jamaa walikuwa wanacheza michezo ya vita kwa mezani na wanajeshi wadogo wa sanamu, halafu wakajiuliza: je, kila mtu akiwa askari mmoja tu, mwenye jina, itakuwaje?

Sasa angalia walichoweka ndani ya chungu. Walichukua wale watu wafupi wenye miguu ya manyoya wa Tolkien, mpaka wenye haki za Tolkien wakalalamika na jina likabidi libadilishwe. Mpango wa mchawi kukariri uganga wake asubuhi na kuusahau akishautumia ulitoka kwa mwandishi Jack Vance. Wakaweka pia jini na ifriti na yule ndege mkubwa wa kubeba ndovu, yaani vitu vya Alfu Lela Ulela, ambavyo watu wa Lamu na Mombasa walikuwa wanavijua karne nyingi kabla Wisconsin iwe Wisconsin.

Ngoja, kuna hii. Baadhi ya madude maarufu kabisa ya D&D, kama yule nusu bundi nusu dubu na yule mdudu anayekula chuma, yalitokana na vidoli vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong. Gygax alivinunua dukani kwa sababu alihitaji kitu cha kuweka mezani, halafu wakavitungia stori. Ni vidoli kama vile unavyoona vimetandazwa kwa turubai siku ya soko, vya rangi mbaya, hata hujui kama ni mamba ama ni ng'ombe.

Mwaka uliofuata, 1975, kitabu cha nyongeza kinachoitwa Blackmoor kikaleta mtawa anayepigana kwa mikono mitupu. Hapo Marekani nzima ilikuwa imelewa filamu za kung fu. Mwaka 1985 wakatoa kitabu kizima cha samurai na ninja, Oriental Adventures, kilichochanganya Japani na Uchina na nchi nyingine kama mtu anayepika githeri bila kuangalia sufuria.

Kwa hivyo mtu akikuambia kuna D&D safi ambayo baadaye ilichafuliwa na Asia, muulize: safi ya mwaka gani? Kabla ya kufika hata miaka miwili, Asia ilikuwa ishaketi mezani.

Japani walipoketi kucheza

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu hapa ndipo stori inakuwa tamu.

D&D ilitafsiriwa kwa Kijapani mwaka 1985. Mwaka 1986 kikundi cha marafiki kinachoitwa Group SNE kikaanza kuicheza kwa njia mpya. Walicheza, wakarekodi maneno yao, wakayaandika kama mazungumzo ya mchezo wa kuigiza, halafu wakayachapisha kwa mfululizo ndani ya jarida la kompyuta linaloitwa Comptiq. DM alikuwa Ryo Mizuno. Wasomaji wakapenda kuliko ilivyotarajiwa. Hao vijana walikuwa wanasoma watu wengine wakicheza! Leo tunatazama watu wakicheza gemu YouTube na tunadhani sisi ndio tuligundua.

Stori hiyo ndiyo Record of Lodoss War. Mwaka 1988 ikawa riwaya, na mwaka 1990 ikawa anime ya episodi 13. Narudia, kwa sababu hii ndiyo hoja yangu kubwa leo: mojawapo ya anime zilizoweka msingi wa fantasia yote ya Japani ilizaliwa kwa meza ya D&D. Vijana wameketi, dadu zinarushwa, mtu anasema "mimi nafungua mlango".

Ndani ya Lodoss kuna elfi anayeitwa Deedlit. (Elfi, si elfu. Ukimlipa elfu atashukuru, lakini hilo si jina lake.) Mezani, aliyekuwa anamchezesha Deedlit ni mwanamume, mwandishi Hiroshi Yamamoto. Mchoraji Yutaka Izubuchi akampa masikio marefu sana, yanayochomoza upande kama majani ya mahindi. Michoro mingi ya Wamarekani wa wakati ule ilikuwa na masikio mafupi yenye ncha. Baada ya Deedlit, masikio marefu yakaenea kila mahali Japani. Ukimtazama Frieren leo, unatazama mjukuu wa mhusika wa meza ya 1986.

Mwaka huohuo wa 1986, gemu ya video inayoitwa Dragon Quest ikatoka. Mtunzi, Yuji Horii, alikuwa amependa gemu za Kimarekani kama Wizardry ya 1981, na Wizardry yenyewe ilikuwa D&D iliyoingizwa ndani ya kompyuta. Aliyechora wanyama wa Dragon Quest ni Akira Toriyama, ndiyo, Toriyama wa Dragon Ball, apumzike kwa amani. Kwa D&D, slaimu ni kitu cha kuogopwa: uteute unaokuangukia kutoka kwa dari na kukuyeyusha. Toriyama akachora tone la bluu lenye tabasamu. Kutoka hapo slaimu akawa adui mdogo wa kwanza kwa kila gemu, halafu mwaka 2013 mwandishi mmoja akauliza mtandaoni, je, mtu akifa na kuzaliwa upya kama huyo slaimu mdogo, itakuwaje? Mwaka 2018 ikawa anime, na nina uhakika nusu yenu mmeitazama.

Kuna jambo lingine Group SNE walifanya ambalo ndilo linanigusa mimi kama mtu wa Njoro. Dadu za D&D ni za ajabu: pande 4, pande 8, pande 20. Kuzipata Japani haikuwa rahisi, na seti za mchezo zilikuwa ghali kwa mwanafunzi. Kwa hivyo mwaka 1989 walipotoa mchezo wao wenyewe, Sword World, waliutengeneza kwa dadu mbili za kawaida za pande sita, na wakauchapisha kama kitabu kidogo cha bei nafuu cha kuingia mfukoni.

Dadu mbili za kawaida, wasee. Za ludo! Zile zimelala kwa droo yenu saa hii pamoja na betri za rimoti zilizokufa.

Safari ya kurudi

Wakati Japani inacheza D&D, kuna Mmarekani alikuwa anatazama upande wa pili. Mike Pondsmith, Mmarekani mweusi, alitoa mchezo wa mezani unaoitwa Mekton mwaka 1984, wa maroboti makubwa ya vita. Aliupata kutokana na Gundam, kwa kitabu kilichoandikwa Kijapani. Kabla D&D itafsiriwe rasmi Japani, tayari mtu mweusi Marekani alikuwa ameshageuza anime kuwa mchezo wa mezani. Huyohuyo ndiye aliyetoa Cyberpunk mwaka 1988. Mwaka 2022 studio ya Kijapani inayoitwa Trigger ikaigeuza dunia yake kuwa anime, Cyberpunk: Edgerunners, na kuna watu hapa mlilia na bado mnakana. Halafu Trigger haohao mwaka 2024 wakaleta Delicious in Dungeon, kutoka kwa manga ya Ryoko Kui, ambayo ni D&D kabisa, isipokuwa wanapika madude badala ya kuyaua tu na kupita.

Hesabu mizunguko hiyo mwenyewe, mimi nimechoka.

Mwaka 1997 ukaja mchezo Big Eyes, Small Mouth wa kucheza anime ya aina yoyote. Mwaka 2001 ukaja Exalted, ambao mashujaa wake wanaruka juu ya mapaa na kupigana na majeshi peke yao. Halafu mwaka 2006 D&D wenyewe wakatoa kitabu kinachoitwa Tome of Battle: The Book of Nine Swords. Hapo ndipo lile neno la yule jamaa wetu lilipata umaarufu. Watu wengi walikikataa kitabu hicho wakisema kimezidi anime.

Kosa lake lilikuwa nini? Kilimpa mpiganaji mapigo yenye majina na uwezo usio wa kawaida. Elewa hali ilivyokuwa. Kwa D&D ya wakati ule, mchawi akifika daraja la juu anasimamisha wakati, anaita vimondo kutoka angani, anaenda mbinguni na kurudi na hakuna anayeshtuka. Mpiganaji wa daraja lilelile anafanya nini? Anapiga kwa upanga, na kesho anapiga tena. Kitabu kilipojaribu kumpa mpiganaji kitu cha kumtoa mtu macho, watu wakasema hapana, mwili wa binadamu hauwezi. Mchawi akiruka ni fantasia, mpiganaji akiruka ni anime.

Nitakuwa mwenye haki, kwa sababu upande ule una hoja. Kuna meza zinazotaka hofu. Mnataka chakula kiishe, tochi izimike, kidonda kiuume. Mtu akija na shujaa anayepasua mlima kwa kidole, hofu inaisha, na wenzake wanabaki kuwa watazamaji. DM ana haki ya kusema, "Kwa kampeni hii, hatuna nguvu za kiwango hicho." Hiyo ni makubaliano ya meza, na mimi nayaheshimu. Hata yule mgeni wetu angesema hivyo, nisingekuwa naandika haya.

Lakini hakusema hivyo. Alisema kuna fantasia ya kweli na kuna anime, na shujaa wa dani akamweka kwa upande ambao si wa kweli.

Na ukifikiria vizuri, kwa kipimo chake mashujaa wetu wote ni anime. Fumo Liyongo wa pwani alikuwa jitu, alifungwa gerezani akatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na hakuna silaha iliyomweza isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Gor Mahia alikuwa anabadilika umbo. Lwanda Magere ana mwili wa jiwe. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mchawi wa kusoma vitabu. Walikuwa watu ambao miili yao ilikataa mipaka. Wazo kwamba mpiganaji lazima awe mtu wa kawaida mwenye upanga ni mila ya meza fulani za Marekani, na kila meza ina mila zake. Bibi zetu hawakuwa kwa hiyo meza.

Jumba la Njoro

Sasa kabla mashabiki wa anime mnishangilie, tulieni. Na sisi tuna kesi ya kujibu.

Fungua anime kumi za mtu kuzaliwa dunia nyingine. Utaona kijiji kilekile: nyumba za mawe, mkate na supu, bia ya mbao, chama cha wasafiri chenye dada wa mapokezi, jumba la kifalme kilimani. Hiyo ni Ulaya iliyofikiriwa na Wamarekani, ikatafsiriwa na Wajapani, halafu ikatufikia sisi kwa flashi kutoka duka la movie. Nimechora ramani nyingi za kampeni. Ya kwanza niliyochora ilikuwa na theluji. Mimi, mtu wa Njoro, theluji nimeiona kwa friji.

Na kuna mzaha ambao historia ilitufanyia sisi watu wa hapa. Sisi tuna jumba. Kabisa. Lord Maurice Egerton alianza kulijenga 1938 na likamalizika 1954, vyumba 52, katikati ya mashamba. Stori ambayo kila mtoto wa Njoro anaijua ni kwamba lilikuwa la kumvutia mwanamke aliyemkataa. Mtu alitamani Uingereza, akaijenga hapa. Shule ya kilimo aliyoianzisha 1939 ilikuwa ya walowezi weupe, na leo ni chuo kikuu ambacho binamu zetu na dada zetu wanasoma. Leo watu wanaenda pale kupiga picha za harusi. Kila nikipita nafikiria: hilo jumba ndilo ramani yangu ya kwanza. Fantasia ya mtu mwingine, imesimama kwa udongo wetu.

Sasa sikia hili. Mwaka huohuo wa 1938, hapahapa Njoro, Mary na Louis Leakey walikuwa wanachimba pango la Mto Njoro. Walikuta mahali ambapo wafugaji wa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita walichoma maiti za watu wao na kuwazika kwa heshima, pamoja na bakuli za mawe, michi ya kusagia na shanga za mawe. Ni moja ya sehemu za zamani kabisa Afrika Mashariki zinazoonyesha watu wakichoma maiti zao.

Yaani mwaka mmoja, mji mmoja: juu jumba linaanza kuinuka, chini pango linafunguliwa. Na mimi miaka yote hii nimekuwa nikichora jumba.

Tufanye nini sasa

Nisikilizwe vizuri. Sisemi tuache anime, na sisemi tuchome vitabu vya D&D. Mimi bila Lodoss nisingekuwa naandika hapa. Nasema tuangalie Japani walifanya nini hasa, kwa sababu watu wengi wanadhani walichofanya ni kuchora macho makubwa.

Walichukua mchezo wa wageni, wakaucheza kwa lugha yao. Wakarekodi vicheko na makosa. Wakaandika. Wakachapisha mahali vijana tayari walikuwa wanasoma. Walipoona dadu ni shida, wakabadilisha dadu. Baada ya miaka mitatu walikuwa na mchezo wao, baada ya minne walikuwa na anime. Hawakungoja mtu wa Wisconsin awape kibali.

Wengine washajaribu kutufanyia kazi. Mwaka 2002 kampuni ya Kimarekani ya Atlas Games ilitoa Nyambe, kitabu cha D&D cha dunia yenye sura ya Afrika. Nashukuru kwamba kipo, lakini kiliandikwa kutoka mbali. Karibu na nyumbani, mwaka 2023 Disney ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi 10 za uhuishaji, Kizazi Moto, na mojawapo, Enkai, iliongozwa na Mkenya, Ng'endo Mukii. Kwa hivyo mikono tunayo. Kilichobaki ni mazoea ya kuandika yale tunayocheza.

Kwa sababu fikiria: binamu yangu alikuwa na mhusika bora kuliko wote mezani, mwenye nguvu, mwenye siri, mwenye jinsi ya kufa. Na ushahidi pekee kwamba aliwahi kuwepo ni vumbi la raba juu ya meza yangu. Nililipangusa mwenyewe.

Kikao kilichofuata

Nilimpigia simu Jumatatu. Nilimwambia pole, nilifaa kuongea. Akasema, "Ni sawa." Kwa umri wake hiyo inamaanisha si sawa. Nikamwambia amrudishe mtu wa jiwe, na aje na sheria zake.

Alikuja nazo. DM wetu alikuwa amerudi, tukatumia dadu mbili za ludo kama Sword World, na dogo akatusomea: saa sita mchana kivuli ni kifupi, kwa hivyo kumuua mtu wake ni karibu haiwezekani. Kuanzia saa kumi kivuli kinarefuka, na adui yeyote anaweza kukifikia. Usiku, mwanga wa moto unampa vivuli viwili au vitatu, na vyote ni vya kweli. Sijawahi kuona sheria ya mpiganaji inayofanya meza nzima iulize saa. DM akasema tu, "Manze."

Tulicheza pango la Mto Njoro, la kutunga, lakini pango letu. Tulipofika mlangoni mmoja wetu, msichana anayesoma kilimo, akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwa miaka yangu yote ya kucheza: "Tunaingia kuiba kaburi la nani?" Kwa D&D ya kawaida humo ndani kuna dhahabu na unachukua, hakuna maswali. Tulibishana nusu saa. Mwishowe tukakubaliana kwamba kuna shanga zilizoibwa na sisi tunazirudisha, na wenye pango wako macho.

Kulikuwa na jioni, kivuli kirefu, adui nyuma yetu. Tukaingia. Ndani giza, mmoja wetu akawasha tochi, na kwenye ukuta kikatokea kivuli cha mtu wa jiwe, kikubwa kuliko yeye mwenyewe, na sauti za wenye pango zikaanza kusogea upande ule.

Dogo akaangalia karatasi yake. Safari hii ameandika kwa biro.

"Zimeni tochi," akasema. "Mimi natangulia."

Simu yangu ilikuwa inarekodi. Nimeanza kuandika.